Nusu kikombe: mhadhara kuhusu egnogi ya dukani

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za jioni kwa waliobaki. Nimekuja na vitu vitatu. Pakiti hii ya egnogi, kile kinywaji cha Krismasi cha maziwa, malai, mayai na sukari, nimeinunua leo asubuhi. Hiki ni kikombe cha kupimia unga. Na hii bilauri nimeiazima humu humu jikoni mwa ukumbi, maana mwaka jana niliambiwa nimekuja na bilauri kubwa makusudi. Leo bilauri ni yenu wenyewe.

Nani hapa hajawahi kuinywa? Mikono mitatu. Basi ninyi watatu mnaweza kwenda kuwasaidia akina mama kule kwenye masufuria. (Kicheko.)

Nitasoma lebo. Kipimo kimoja: kalori 180. Mafuta gramu 9, na humo gramu 5 ni yale yanayoganda, ya kuziba mishipa. Sukari gramu 20, na katika hizo 14 zimeongezwa kiwandani. Mnasikia hizo namba mnasema, mbona si mbaya? Ndiyo. Si mbaya kabisa. Sasa someni juu yake: kipimo kimoja ni nusu kikombe. Mililita 120.

Tazameni nikimimina. Hapo. Haijafika hata nusu ya bilauri. Nani kati yenu, Krismasi hii, akimiminiwa hivi ugenini, hatarudi nyumbani kumsema mwenyeji?

Nalisema hili kila Desemba na nitaendelea mpaka mnichoke. Lebo haidanganyi. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ndiyo inayopanga vipimo vya lebo, kwa kukadiria mtu anakula au anakunywa kiasi gani kwa kawaida. Maziwa wameyapa mililita 240. Soda, 360. Egnogi, 120. Kwa hiyo ukisimama dukani na kopo la soda mkono huu na pakiti hii mkono ule, ukalinganisha namba kwa namba, unalinganisha kopo zima na funda nne. Halafu unajipongeza kwamba umechagua maziwa.

Tujaze bilauri. Moja. Mbili. Tatu. Imejaa. Mara tatu ya lebo: kalori 540. Sukari gramu 60, ambayo kwa vijiko vya chai ni 15. Kopo la kola lina gramu 39! Mafuta yanayoganda gramu 15, na kiwango ambacho lebo zenyewe zinakihesabu kuwa cha siku nzima ni 20. Zikibaki tano, bado hujagusa pilau, hujagusa mbuzi.

Kuna nyumba moja nilikwenda, sitasema mji gani. Baba ametoka kuambiwa ana kisukari. Mama wa nyumba ile ni mama wa kupigiwa mfano: soda ameifukuza, juisi ameifukuza, sukari ameipandisha kabati la juu ambako mzee hafiki. Nikamwuliza, na usiku anakunywa nini? Akanijibu kwa fahari, "Nampa maziwa ya mayai, apate nguvu." Akafungua friji. Pakiti mbili, hizi hizi.

Sikumcheka, na ninyi msimcheke. Bibi yangu alikuwa akinikorogea yai kwenye maziwa ya moto nikiumwa, na wengi wenu mmelelewa hivyo. Mama yule aliona picha ya maziwa, akasoma neno yai, akaona rangi ya njano, akamkumbuka bibi yake. Ningekuwa mimi sijasoma mambo haya, ningefanya vile vile.

Basi tulitafute hilo yai. Sheria ya Marekani inasema kitu kikiitwa egnogi lazima kiwe na angalau asilimia 6 ya mafuta ya maziwa, karibu mara mbili ya maziwa yasiyopunguzwa mafuta. Na yai? Angalau asilimia 1 ya kiini, kikihesabiwa kikavu, bila maji yake. Piga hesabu: pakiti ya kwoti, yaani karibu lita moja, ina uzito wa kama kilo moja, kwa hiyo ni gramu 10. Kiini kimoja cha yai, ukikikausha, kinakupa gramu 8 au 9. Kwa hiyo sheria inaridhika na kiini kimoja na ushee kwa pakiti nzima. Yule mzee, kwa kila bilauri kama hii, alikuwa anameza vijiko 15 vya sukari ili apate kama nusu ya kiini cha yai. Chemsha yai moja, mpe na chumvi kidogo, yamekwisha.

Na ile njano? Someni viungo: mara nyingi ni manjano na zingefuri. Uzito je? Malai, shira ya mahindi, na mara nyingi karajinani, ambayo ni mwani. Ndiyo, mwani! Watu wa Paje na Jambiani, kule Zanzibar, mnatikisa vichwa. Mama zenu wanalima mwani tangu 1989, unakaushwa, unapanda meli, na aina ile ile ya zao inakuja kuzitia uzito pakiti kama hizi. Harufu ni kungumanga. Ukiondoa malai, hapa tuna Zanzibar nusu nzima kwenye friji, na sioni senti ikirudi Jambiani, lakini hilo ni la mhadhara mwingine. Mwani hauna ubaya, mwenyekiti, usinikazie macho.

Mtaniambia, "Mwalimu, ni mara moja kwa mwaka." Mara moja gani? Inaanza kuuzwa majani hayajamaliza kupukutika, inaondoka Januari. Hiyo ni miezi, si mara. Chama cha Moyo cha Marekani kinawashauri wanawake wasizidishe gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku, wanaume 36. Bilauri hii ina 42.

Naonyeshwa saa. Haraka haraka basi. Ile iliyoandikwa mafuta kidogo: mafuta yamepungua, sukari kwa kawaida iko pale pale, geuza pakiti usome. Ya lozi na ya soya: nyepesi zaidi, na ambaye maziwa yanamvuruga tumbo atapona nazo, lakini sukari wanatia pia. Ya duka la pombe ina pombe. Hii ya kwenye friji la maziwa kwa kawaida haina. Bakteria wa mayai mabichi wasiwatie hofu, hii imepashwa moto kiwandani. Ukitengeneza nyumbani, pasha mchanganyiko hadi nyuzi 71 za Selsiasi na uendelee kukoroga, la sivyo utapata mayai ya kuvuruga. Kuhusu watoto nilikuwa na mengi, nimenyimwa dakika.

Sikusema msinywe. Mimi mwenyewe nitakunywa, na kungumanga nitaongeza. Pakiti naiacha hapa mezani, anayetaka kuonja na aje. Bilauri nairudisha jikoni. Kikombe cha kupimia nakiacha pembeni ya pakiti.