Pure Data inakatakata sauti ukiburuta? Usinunue kompyuta bado

Haya wadau, karibuni. Leo tuko ndani ya Pure Data, ile programu ya bure ya Miller Puckette, unatengeneza sauti kwa kuunganisha visanduku kwa waya; mchoro mzima wa visanduku unaitwa pachi. Duara jekundu hapo kwenye kioo ni ngoma ya msondo, la kijani ni ngoma ya chapuo. Nikiburuta slaida, duara linasogea na ngoma inahama spika. Sasa sikiliza nikiburuta kwa fujo... tk, tk, tk. Umesikia inavyokatika? Watakwambia laptopu imechoka. Mimi nauza laptopu zilizotumika hapa Bagamoyo, ningependa sana uamini hivyo, lakini mashine yako ni nzima.

Shida iko hivi. Pure Data inaendesha programu mbili: moja inapiga hesabu za sauti, nyingine inaitwa wish, ndiyo inayochora. Ukiburuta, kipanya kinamwaga namba mfululizo, na kila namba inaagiza duara lichorwe upya. Upande wa sauti nao unapoteza muda kuandika hayo maagizo, na muda wenyewe hauna: sauti inahesabiwa kwa mafungu, fungu moja ni sampuli 64, yaani vipimo 64 vya sauti, na kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde ni kama milisekunde 1.3. Akiba ya sauti iliyokwisha kuhesabiwa ikiisha, unasikia tk. Na ile mita ya mzigo ya ndani isikudanganye, haihesabu wish. Fungua Task Manager, utamwona amekaa juu kabisa.

Weka visanduku vinne: int, f, metro 40, change. Int inakata desimali, f inatunza namba, metro inagonga kwa mpigo, change inapitisha namba iliyobadilika tu. Twende. Slaida iingie int, maana nusu ya pikseli haionekani, ya nini kuichora? Ila kama slaida yako inatoa 0 hadi 1, zidisha kwa 100 kabla ya int, la sivyo duara litaganda.

Sasa hapa weka soda chini uangalie. Waya kutoka int uingie f kwa tundu la KULIA. La kulia, jamani. Tundu la kushoto likipokea namba linaitema hapo hapo, na kazi yote imekuwa bure. La kulia linaitunza tu. Metro ndiyo inaingia kushoto, inagonga kila milisekunde 40, yaani mara 25 kwa sekunde. Macho yanatosheka. Halafu f iende change, change iende kwenye duara. Change inazuia namba ileile isirudiwe, kwa hiyo ukiacha kuburuta hakuna kinachochorwa. Rudi uangalie waya wako tena. Kulia? Sawa.

Metro iwashe kwa loadbang, kisanduku kinachogonga chenyewe pachi ikifunguliwa, usisubiri kubofya jukwaani.

Ngoja, mbona mita imepanda? Aa, umeme umekatika, laptopu imeingia betri. Ikiwa kwenye betri inapunguza mwendo wa prosesa, asilimia inapanda bila kosa la pachi. Ukipima, pima ikiwa kwenye chaji. Feni nayo imezima, mtanisamehe jasho.

Sauti usiipitishe kwenye metro, itapanda ngazi ngazi kama mtu mwenye kigugumizi. Toa waya wa pili moja kwa moja kwenye slaida, uende pack f 20, kisha line~, inayoteleza hadi namba mpya kwa milisekunde 20. Macho yapate mara 25, masikio yapate kila kitu.

Na kama duara linarudisha namba kwenye slaida, tumia meseji ya set $1, inayobadilisha slaida bila slaida kutoa namba. Bila set vinaitana vyenyewe kwa vyenyewe mpaka programu inalalamika.

La mwisho: michoro usiyoihitaji wakati wa onyesho, itie kwenye pachi ndogo, funga dirisha lake. Dirisha likifungwa, slaida zake hazichorwi, ila namba zinaendelea kupita. Mimi huwa nabakiza maduara tu. Wanaopenda vitufe mia kwenye kioo, shauri yenu.

Naburuta tena kwa fujo... hakuna tk, hata kwa betri. Pachi nimeiweka chini ya video. Anayetaka laptopu aje mchana, jioni niko mazoezini.