Picha Bila Maelezo Si Ushahidi

Ahsanteni, kaeni. Habari ya michoro ya kale ya mwambani ya Kondoa kuingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006 mnaijua, sitawapotezea muda. Nimekuja na neno lile lile ambalo walionisikia hapa Dodoma mara nyingine wanaweza kulisema kabla yangu: picha isiyo na maelezo si ushahidi. Nitalirudia mpaka nione kazi zenu zimebadilika.

Chukueni DStretch. Ni programu ya kukuza rangi za picha, inafanya kazi ndani ya ImageJ, programu ya bure ya kuchambua picha. Aliitengeneza Mmarekani, Jon Harman, mwaka 2005, kwa mbinu iliyokuwa ikitumika kwenye picha za satelaiti. Unaipa picha uliyopiga mwambani, inapima jinsi rangi zake zinavyotofautiana, kisha inazivuta mbalimbali mpaka tofauti ambayo jicho halikuiona ijitokeze. Mwamba uliodhani una doa tu unaanza kutoa miguu, mgongo, shingo ya twiga. Mimi naipenda sana programu hii. Kule Kolo, Kondoa, michoro ilikuwa ikimwagiwa maji ili wageni waione vizuri, na maji yale yanaiharibu. Leo huhitaji hata tone.

Sasa angalieni kinachotokea. Kijana anasimama kuwasilisha, anarusha ukutani mnyama wa zambarau juu ya mwamba wa kijani. Makofi! Namuuliza, mchoro huu una rangi gani? "Zambarau, mwalimu." Hapana, kijana wangu! Zambarau hiyo imetoka kwenye kompyuta. Aliyechora alitumia udongo mwekundu. Nampa nafasi: nionyeshe picha ya asili. Hana, ameihifadhi hii mpya juu ya ile ya zamani. Ulitumia mpangilio gani wa rangi wa DStretch, YRE au LRE? Hakumbuki. Mnyama ana ukubwa gani? Hakuweka kipimo pembeni, kwa hiyo anaweza kuwa sawa na kiganja au sawa na mlango. Tarehe je, na pango gani? "Kondoa." Kondoa ni kubwa, jamani!

Na hasara haiishii kwenye rangi. Kondoa michoro myeupe kwa kawaida imekaa juu ya ile myekundu, na hapo ndipo tunapojua ipi ilitangulia. Ukiuvuta wekundu peke yake, weupe unaweza kufifia, nawe ukaandika kwa ujasiri juu ya ukuta ambao haupo popote duniani isipokuwa kwenye skrini yako.

Najua kuna atakayesema: mbona mwanaakiolojia Mary Leakey mwaka 1951 alinakili kwa mkono, naye alichagua cha kuchora? Kweli kabisa, kila nakala ni uchaguzi. Lakini nakala zake zina jina la aliyenakili, na mahali panajulikana, kwa hiyo unaweza kurudi mwambani ukambishia. Huyu wetu wa zambarau utambishia kwa lipi?

Mwingine ananong'ona pale nyuma: British Museum, makumbusho ya London, wameshaweka mtandaoni picha zipatazo 25,000 za Trust for African Rock Art, shirika la michoro ya mwambani ya Afrika alilolianzisha David Coulson, makao yake Nairobi. Kwa nini nipande kilima cha Kolo na jua lote hili? Zitumie, tena zitumie sana, na namba ya kila picha uinukuu ilivyo. Ila picha haikwambii ukisimama pangoni unaona bonde gani, wala nani atapita kesho kutwa kufanya tambiko. Mongomi wa Kolo, pango mojawapo lenye michoro, bado ni mahali pa matambiko. Anayeandika juu yake bila kuzungumza na wazee wa pale ameandika nusu ya habari.

Hili nalo lisikieni vizuri. Simu yako, kama umeiruhusu, inaandika mahali ulipo ndani ya faili la kila picha. Mapango ya Kondoa yamechimbwa na watu wanaotafuta mali wanayodai Wajerumani waliificha. Ukirusha mtandaoni picha ya pango lisilo na mlinzi pamoja na mahali lilipo, umewachorea ramani. Andika mahali kwenye daftari lako na kwa wahusika wa mambo ya kale, na kwenye picha ya kurusha mtandaoni ufute taarifa hiyo ya mahali.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kueleza vipimo vya leza ambavyo Zamani Project ya Chuo Kikuu cha Cape Town walichukua kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani, na tovuti ya Archnet kwa wanaosoma majengo ya Kiislamu, fungueni wenyewe. Google Earth ina picha za miaka ya nyuma, mtaona Dodoma ilivyomeza mashamba, ila andikeni tarehe ya kila picha.

Lakini tembe siliachi. Nyumba za Wagogo za paa bapa la udongo zinaondoka, bati linaingia, na mtandaoni utakutana na picha nzuri zilizoandikwa "nyumba ya Kiafrika" basi. Kijiji gani? Nani alijenga? Nguzo ni za mti gani, zizi liko upande upi? Wenye tembe kwao, pigeni picha kila upande, fimbo ya mita moja ikiwa ukutani, na muulizeni babu hayo maswali huku simu inarekodi, kwa ruhusa yake. Wiki ijayo nazipokea. Isiyo na maelezo nairudisha siku hiyo hiyo.