Chasisi ya roboti ya mashindano: kuifunga na kuipima mpaka inyooke

Walimu na vijana wa klabu za roboti, karibuni mezani. Hapa ni Mbeya, na kelele mnayoisikia ni mvua kwenye bati, mtanivumilia. Leo hatugusi mkono wa roboti wala sensa. Tunashughulika na chasisi peke yake: kibao, mota mbili, magurudumu mawili na gololi moja. Timu nyingi zinakimbilia kufunga mkono, halafu zinahangaika na programu ya kunyoosha roboti ambayo inapinda kwa sababu ya skrubu moja iliyolegea. Programu haikazi skrubu.

Kwanza soma kanuni zenu za ukubwa. Wale wa mashindano ya FIRST Tech Challenge sanduku lao ni inchi 18 kila upande, wana uwanja wa kujidai. Mimi leo natengeneza ya kuingia kwenye sanduku la sentimita 25 kwa 25, kwa hiyo kila milimita ina kazi.

Kibao: plaiwudi ya milimita 6, urefu 200, upana 150. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatuna kisingizio, plaiwudi inatoka Mafinga hapo, na fundi seremala yeyote wa Mwanjelwa ana vipande vilivyobaki. Usichukue ya milimita 3, inajikunja betri ikikaa juu, na magurudumu yanafungua miguu. Kata, piga msasa, hiyo sikuonyeshi.

Ninachokuonyesha ni mstari wa ekseli. Pima milimita 70 kutoka nyuma, weka skwea ya seremala, chora mstari mmoja unaokatiza kibao kizima. Mmoja! Usichore wa kushoto halafu ukageuza kibao ukachora wa kulia. Breketi zote mbili zinakaa kwenye mstari huohuo. Zikipishana hata kidogo, gurudumu moja linaangalia pembeni, na hapo gurudumu halibingiriki tu, linajiburuza.

Mota. Natumia hizi za volti 12, kipenyo cha milimita 25, zenye giaboksi ya chuma na enkoda nyuma, yaani kifaa kinachohesabu mizunguko ya mota. Giaboksi hii ni 1 kwa 34, yaani mota inazunguka mara 34 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Angalia kibandiko cha yako, maana sura moja inauzwa na gia tofauti tofauti. Hizi za njano za plastiki mnazozipenda kwa bei zinafaa kufundishia, lakini gia zake zina mchezo mkubwa, ukizishika unaona gurudumu linayumba. Kwa mashindano, hapana.

Sasa simama hapa. Bwana mdogo, sogeza kamera, hapana, karibu zaidi... inatafuta mwanga. Haya. Mnaona matundu haya mawili usoni mwa giaboksi? Ni ya skrubu za M3, yaani kipenyo cha milimita 3. Nyuma ya matundu hayo, ndani, kuna gia. Skrubu ikiwa ndefu inaingia mpaka kwenye gia. Mota itazunguka kwa kukwaruza, au itakataa kabisa, na wewe utasema umeuziwa mota mbovu. Hesabu ni rahisi: urefu wa skrubu toa unene wa breketi, kinachobaki kisizidi milimita 3. Breketi yangu ina milimita 3, kwa hiyo skrubu ni ya milimita 6. Ukiweka washa, ile pete bapa ya chuma chini ya skrubu, hesabu na unene wake.

Narudia kwa sababu hapa ndipo mota nyingi zinakufa: SKRUBU NDEFU INAUA GIABOKSI. Ukifika dukani ukaambiwa "za milimita 6 zimeisha, chukua za 10", usichukue. Au chukua, ukate kwa msumeno wa chuma na kusawazisha ncha kwa tupa. Na usitumie nguvu, ikigoma kuingia toa, pima tena. Ukimaliza kufunga, zungusha ekseli kwa vidole. Inapaswa kuwa ngumu kidogo lakini laini, bila mahali pa kukwama. Ikikwama mahali palepale kila mzunguko, fungua. Ni skrubu.

Mota zinakaa mgongo kwa mgongo, enkoda zinaangaliana katikati. Hizi mbili zinakula karibu milimita 140, ndiyo maana kibao ni 150. Zikigusana, plagi za enkoda zinapindika, kwa hiyo pima zako kabla ya kukata.

Magurudumu ni ya milimita 65. Ekseli ina upande mmoja uliochongwa bapa, na skrubu ndogo ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, inakaa juu ya ubapa huo, siyo kwenye duara. Kaza, jaribu kuzungusha gurudumu huku umeshika ekseli kwa koleo, kaza tena. Umbali kutoka katikati ya gurudumu moja hadi katikati ya jingine kwangu ni milimita 190. Andika namba hiyo kwenye kibao kwa kalamu, tutaihitaji.

Mbele weka gololi, ile ya chuma ndani ya kikombe. Sipendi kile kigurudumu kinachozunguka kama cha kiti cha ofisini, kikigeuka kinapiga teke roboti pembeni kabla ya kutulia. Rekebisha kimo kwa washa mpaka kibao kilale sawa.

Betri: seli tatu za lithiamu za 18650 kwa mfululizo, zikijaa ni volti 12.6. Fyuzi ya ampea 5 kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri, kisha swichi. Usishushe seli chini ya volti 3 kila moja. Na ile bodi ndogo ya kuchajia ya TP4056 ni ya seli MOJA, usiipachike kwenye tatu za mfululizo. Betri inakaa juu ya mstari wa ekseli. Siyo pale penye nafasi, juu ya ekseli.

Sababu? Leta mizani ya jikoni. Weka magurudumu mawili juu ya mizani, gololi juu ya kitabu cha kimo kilekile. Roboti nzima ina gramu 1,100, magurudumu yanabeba 780. Safi. Yakibeba nusu tu, magurudumu yatateleza wakati wa kuondoka, na enkoda itahesabu safari ambayo roboti haijaenda.

Waya nitakwenda haraka. Draiva, ile bodi inayopeleka umeme kwenye mota, ni TB6612, naipendelea kuliko L298N kwa sababu ile ya pili inameza karibu volti 2 njiani na kuzigeuza joto. Lakini TB6612 inabeba ampea 1.2 mfululizo kila upande, angalia mota yako inakula ngapi. Bodi ya kuendesha programu, Arduino Uno, ina pini mbili tu za kukatiza programu kutoka nje, ya 2 na ya 3, hizo wape enkoda. Nguvu ya mota nazipa pini 9 na 10, zinatumia saa moja ya ndani, kwa hiyo pande zote mbili zinapata mdundo uleule. Kishusha volti kiweke kwenye volti 5 kwa multimita KABLA ya kukiunganisha na Arduino. Waya hasi zote zikutane. Na kama mota hazitikisiki kabisa, tazama pini iliyoandikwa STBY. Isipopewa volti 5, draiva imelala.

Umeme umekatika. Haya, tunaendelea na taa ya simu, betri ya roboti haina habari na TANESCO.

Vipimo sasa. Inua roboti juu ya kopo, washa. Panda nguvu taratibu kuanzia 0 kuelekea 255, ambayo ndiyo nguvu kamili, andika namba ambayo kila gurudumu linaanza kuzunguka. Kushoto 38, kulia 44, kawaida. Kulia 80? Kuna kitu kinabana. Rudi kwenye nini? Skrubu! Asubuhi za Juni huku kwetu grisi ya gia inakuwa nzito, iache izunguke dakika mbili kabla ya kupima.

Pili, ukuta. Iendeshe polepole mpaka iguse ukuta, iache isukume sekunde mbili, zima. Tunataka magurudumu yateleze. Yakisimama kabisa huku mota inaunguruma, una mshiko mwingi kuliko nguvu ya mota, na siku ya mechi draiva itaungua kwenye kona. Punguza uzito au tafuta gia nzito zaidi.

Tatu, kunyooka. Hesabu: gurudumu la milimita 65 linakwenda 204 kwa mzunguko. Enkoda hii inatoa mapigo 11 kwa mzunguko wa mota, mara 34 ni 374. Kila pigo ni zaidi kidogo ya nusu milimita. Programu inalinganisha mapigo ya pande mbili: aliyetangulia anapunguziwa, aliyebaki anaongezewa. Tofauti zidisha kwa 1 upate kiasi cha nguvu cha kupunguza na kuongeza, ikiwa mvivu nenda 2, ikianza kutikisa kiuno rudi. Usianze na nguvu 150 ghafla, panda kutoka 60 ndani ya sekunde 0.3.

Futa matairi kwa kitambaa chenye unyevu, vumbi la sakafu ya saruji ni adui. Vuta uzi mita 2, endesha. Angalia... kamera chini... imetoka kulia milimita 40, na mapigo ya pande zote yanalingana. Programu haina kosa. Tairi la kulia ni dogo zaidi. Kwa kiasi gani? Milimita 40 mara 2, gawanya kwa 2,000, ni 0.04. Zidisha kwa 190, upande wa kulia umepungukiwa na milimita 7.6 katika mita 2. Ni asilimia 0.38. Kwenye tairi la 65 hiyo ni robo milimita tu! Mshono wa mpira unatosha kufanya hivyo. Mpe wa kulia mapigo mara 1.0038, endesha tena mara tano, siyo mara moja.

Nne, kugeuka. Kuzunguka papo hapo nyuzi 360, kila gurudumu linakwenda 190 mara 3.1416, yaani mapigo 1,093. Kona ya 90 ni 273. Usipime kona moja, macho yanadanganya. Zungusha mara kumi mfululizo. Ikipungukiwa nyuzi 40, umbali wako halisi siyo 190, ni 190 mara 3,600 gawanya 3,560, ni 192.1. Tairi ni pana, haligusi ardhi katikati kamili.

Mwisho mraba wa mita moja, ukizunguka kisaa na kinyume chake. Ni toleo dogo la kipimo cha Borenstein na Feng wa Chuo Kikuu cha Michigan, wao walitumia mraba wa mita 4. Ukiuzunguka upande mmoja tu, makosa mawili yanaweza kufutana na ukajiona fundi. Kona zikizidi pande zote mbili, au zikipungua pande zote mbili, rekebisha ule umbali wa magurudumu. Zikizidi upande mmoja na kupungua mwingine, matairi hayalingani.

Ukishafunga mkono, rudia mizani na mraba, uzito umehama. Vibao vilivyokatwa na breketi nauza, na vinakwenda na skrubu za milimita 6 ndani ya pakiti. Nitumieni ujumbe hapo chini, na mwandike gia ya mota zenu.