Ukiwasha Jenereta, Wewe Ndiye Shirika la Umeme

Assalaam alaykum, na habari za jioni kwa wote.

Nimeombwa nizungumze na nyinyi wenye maduka, walimu wa madrasa na wasimamizi wa visima kuhusu jenereta za akiba. Sitawauliza nani anayo. Hapa Unguja swali hilo lilijijibu zamani. Mei 2008 tulikaa gizani karibu mwezi mzima, na kabla hatujasahau, Disemba 2009 umeme ukakatika tena, ukarudi Machi 2010. Kisiwa kizima kilikuwa kinategemea waya mmoja wa baharini unaotoka Ras Kiromoni kule bara kuja Fumba. Pampu za maji zikasimama, mabucha yakafunga mafriji, na kila aliyejaaliwa akanunua jenereta. Mwaka 2013 tukapata waya mpya wa megawati 100, hali ikawa nyengine, lakini jenereta hazikurudi dukani. Ziko vibarazani, chini ya ngazi, nyuma ya duka, zinasubiri.

Nina jambo moja tu la kuwaambia leo, na mengine yote yanatoka humo. Shirika la umeme hutufanyia kazi ambazo hatuzioni. Mitambo yake iko mbali na vyumba tunavyolala. Laini zake zina fyuzi na ethi, ule waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Hakuna mtu anayeruhusiwa kuingiza umeme kwenye laini bila shirika kujua. Siku unapovuta ile kamba, jenereta ikanguruma, kazi hizo zote zimehamia kwako. Mtu anayenunua jenereta hujiona kanunua chombo tu, kumbe kajipa cheo.

Nianze na moshi, kwa sababu ndio unaoua familia nzima kwa usiku mmoja.

Injini inayochoma petroli hutoa hewa inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Ile harufu mnayoijua ya moshi ni ya vitu vyengine, kwa hiyo jenereta mpya inayoungua vizuri, isiyotoa moshi wa kuonekana, bado inaweza kukuua. Ukiivuta, hewa hiyo hushika damu mahali pa oksijeni, na nguvu yake ya kushika inaizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Kidogo tu kinatosha. Na mwili haukupigii kelele, maana mara nyingi kifua hakibani na pumzi haikatiki. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea, usingizi unakuja.

Sasa niambieni, nani kwetu akihisi hivyo hatasema ni malaria? Anameza dawa ya kichwa, anajifunika, analala. Na akilala ndiyo imekwisha, maana anaendelea kuivuta.

Alama za kuishuku ni hizi. Watu wote wa nyumba wanaumwa kichwa kwa pamoja. Hawana joto la homa. Wakitoka barazani wanapata nafuu, wakirudi ndani kinaanza upya. Ukiona hivyo usianze kutafuta kopo la maji wala kufungua madirisha moja moja. Toeni watu nje kwanza, kisha hospitali. Na hospitalini semeni kwa kauli yenu, bila kungoja kuulizwa: "Tulikuwa na jenereta." Kile kifaa wanachokubana kidoleni kupima oksijeni hudanganywa na hewa hii. Kinaweza kuonyesha namba nzuri kabisa ilhali damu imejaa sumu. Daktari akishajua, ataweka oksijeni ya barakoa, na hiyo ndiyo dawa. Kwa hewa ya kawaida, nusu tu ya sumu huchukua kiasi cha saa nne hadi sita kutoka. Kwa oksijeni safi ni saa moja hadi moja na nusu.

(Mzee mmoja mbele: "Na dirisha likiwa wazi?")

Ahsante, mzee wangu, ndipo nilipokuwa naelekea. Dirisha likiwa wazi halitoshi. Feni haitoshi. Mlango wa nyuma kuachwa wazi hautoshi, na wakati mwingine ndio unaoingiza moshi ndani. Ukumbi si nje. Chini ya ngazi si nje. Na nyinyi wa Mji Mkongwe mnisamehe, lakini ua wa ndani wenye kuta pande nne nao si nje. Nyumba zile zimepandana, dirisha la jirani linatazama ua wako, na hewa hii haijui mpaka wa hati ya nyumba. Inayokubalika ni angalau mita 6 kutoka nyumbani, bomba la moshi likiwa limeelekea kusiko na mlango wala dirisha la mtu yeyote, wako au wa mwenzio.

Najua kwa nini watu wanaiweka ndani. Wanaogopa wezi, na wanaogopa mvua. Hofu zote mbili ni za kweli, na mhadhara usiozijibu ni kelele tu. Kwa mwizi, mwambie fundi wa kuchomelea akutengenezee kizimba cha nondo, kikae juu ya zege, na mnyororo upite kwenye fremu ya jenereta, usipite kwenye mpini wake wa kubebea, maana mpini unafunguliwa kwa spana moja. Kwa mvua, paa la bati lililo wazi pande zote, na zege iliyoinuka ili maji ya masika yasiifikie. Hilo la kuifunika na turubai huku inafanya kazi tuliache kabisa.

Wala msidhani haya ni ya watu wasiosoma. Februari 2021 baridi kali ilipokata umeme katika jimbo la Texas kule Marekani, watu waliwasha jenereta, majiko ya mkaa na magari ndani ya nyumba na gereji zao, na wapo waliokufa kwa hewa hii hii. Na msijitegemeze kwa king'ora cha moshi. King'ora cha moshi hakiisikii kaboni monoksaidi. Kuna king'ora chake maalumu, kinatumia betri, na mwenye uwezo anunue aweke karibu na vyumba vya kulala.

Tuje kwenye kitu hiki nilichokuja nacho. Nakiinua muone wa nyuma. Waya mita mbili, plagi ya miguu mitatu upande huu, na plagi nyengine ya miguu mitatu upande ule. Naona wengine mnacheka, basi mnaijua. Unachomeka upande mmoja kwenye jenereta, upande wa pili kwenye soketi ya sebuleni, na nyumba nzima inawaka. Rahisi, haigharimu kitu, na kila mtaa una mtu wa kukutengenezea.

Itazameni vizuri. Hii miguu ya shaba iko wazi. Jenereta ikiwa inafanya kazi na mtoto akachomoa upande wa sebuleni, ameshika volti 230 mkononi. Hakuna kifuniko wala swichi. Hilo la kwanza.

La pili halionekani. Umeme ulioingia kwa soketi hausimami kwenye taa zako. Unakwenda hadi meni swichi, ile swichi kuu ya nyumba, na kama meni swichi haikuzimwa, unapita kwenye mita, unatoka kwenye nguzo, unakwenda hadi transfoma. Watu huniambia mita ya TUKUZA, ile ya kulipia kabla, itauzuia. Msiitegemee. Na transfoma haina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea: inayoshusha volti 11,000 kuwa 230, ukiilisha 230 kwa chini inapandisha 11,000 juu. Aliyepanda nguzo kule akitengeneza laini anaamini imekufa.

Wapo mafundi hapa watanibishia kwamba jenereta ndogo haiwezi kubeba mtaa mzima, itazimika yenyewe. Mara nyingi ni kweli, itazimika. Lakini fikirieni umeme umekatika kwako peke yako kwa sababu waya unaotoka kwenye nguzo kuja nyumbani umekatwa na tawi la mwembe. Hapo mtaa haupo. Kuna jenereta yako, kuna waya uliokatika, na kuna kijana wa shirika aliyekuja kukuungia kwa sababu wewe mwenyewe ulimpigia simu. Mafundi wa laini wana taratibu zao, wanapima, wanafunga ethi kabla ya kugusa. Taratibu hizo zisigeuke ruhusa yetu ya kuwatega.

Na umeme ukirudi ghafla huku jenereta imeungwa hivyo? Vyanzo viwili vinagongana. Shirika halitaumia. Jenereta ndiyo itakayoungua, na pengine nyumba.

"Mimi huzima meni swichi kwanza," mtu ataniambia. Sawa, wewe unazima. Je, usiku wa manane, wewe huko msibani, na mwanao ndiye anayewasha? Ulinzi unaotegemea mtu akumbuke si ulinzi. Kinachotakiwa ni chenjova, ile swichi yenye mkono mmoja na nafasi tatu: juu shirika, katikati sifuri, chini jenereta. Mkono ni mmoja, hauwezi kuwa juu na chini kwa wakati mmoja, hata aushike nani. Na ikate laini, waya unaoleta umeme, na nyutro, waya unaourudisha, kwa pamoja, isikate laini peke yake. Nimeona nyingi mitaani zilizofungwa laini tu, kwa kubania waya wa pili. Ifungwe na fundi mwenye leseni, na mwambieni shirika mnayo.

Fundi huyo huyo ashughulikie ethi. Jenereta nyingi ndogo nyutro yake haijafungwa popote, na ukiiunga na nyumba kienyeji, kile kikata umeme chenye kitufe cha kujaribia, ambacho kazi yake ni kumwokoa mtu aliyeguswa na umeme, kinaweza kukaa kimya tu. Hili halipimwi kwa kuona taa zimewaka. Taa huwaka hata ethi ikiwa haipo.

Kwa wale wa visima. Pampu ya nguvu ya farasi mmoja hula kama wati 1,000 ikishakwenda, lakini sekunde ile ya kuanza inaweza kutaka mara tatu au zaidi. Ndiyo maana jenereta iliyoandikwa wati 2,000 inakohoa na kuzima. Hapo hutokea fundi mwerevu, anachukua bisibisi, anakaza skrubu ya gavana, kile kinachodhibiti mwendo wa injini, ili injini ikimbie zaidi. Pampu itaanza, kweli. Ila injini nyingi za aina hii zimepimwa zizunguke mara 3,000 kwa dakika ili zitoe umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, na ukiikimbiza, volti nayo inaweza kupanda, na friji, simu na taa zilizoungwa humo ndizo zinazolipa. Nunua kubwa zaidi, au washa pampu peke yake kwanza, ikitulia ndiyo uongeze mengine.

Na zile mita 6 zinataka waya unaofaa. Si waya wa spika. Milimita mraba 2.5, wenye ganda la mpira, na kama umezungushwa kwenye roli, ufungueni wote. Ukiubebesha mzigo mkubwa huku umezungushwa, joto halina pa kutokea, ganda linayeyuka.

Mafuta nitayapitia haraka kwa sababu mnayajua, ingawa kujua na kufanya ni mambo mawili. Zimeni, ngojeni injini ipoe, ndipo mjaze. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini sakafuni hadi ukute jiko la mkaa chumba cha pili. Dumu likae nje ya nyumba, si kwenye chupa za maji ya kunywa. Hilo la chupa nalisema kwa ajili ya watoto wa madrasa.

Wenye hoteli wana zile kubwa za dizeli zinazojiwasha zenyewe. Kabla fundi hajaingiza mkono kwenye mkanda au feni, kidhibiti kiwekwe kwenye kuzima na waya hasi wa betri uvuliwe. Mashine ile haijui kama kuna mkono mle. Umeme ukikatika, inawaka.

Kuna swali kule nyuma. Dada, sema.

("Sisi tuna sola na inveta, jenereta tuliiacha. Hayo ya plagi yanatuhusu?")

Moshi haukuhusu, hongera. Plagi inakuhusu moja kwa moja. Inveta, ile inayogeuza umeme wa sola na betri kuwa wa nyumbani, ikiungwa kwenye soketi kwa waya kama huu inarudisha umeme kwenye nguzo vile vile, tena kimya kimya bila mngurumo wa kumshtua aliye juu ya nguzo. Nayo inataka chenjova, isipokuwa fundi amekuhakikishia ndani yake mnayo na inafanya kazi.

Sasa tutoke uwanjani. Jenereta iko kule kwenye ukuta wa mbali, na chenjova nimeifunga kwenye ubao. Nataka wasimamizi wa visima waje mbele, kila mmoja ashike ule mkono mwenyewe na aupeleke juu, sifuri, chini. Na huu waya wa plagi mbili nitaukata, lakini kama kuna mwenye wake nyumbani, alete kesho hapa hapa, nitampa plagi yake moja arudi nayo.