Kinga ya Sili Haiondoi Shinikizo: Mhadhara kwa Mafundi na Wenye Magari ya Kasi

Ndugu mafundi, na ninyi wenye magari mliokuja kusikiliza habari za kinga ya sili, yaani lile bamba linaloishika sili ya injini kwa bolti, kifaa ambacho kikishafungwa hakionekani tena, nawashukuru kwa kufika. Wengi wenu mmekwisha nisikia nikilizungumza jambo hili, na leo nitalizungumza tena, kwa sababu magari bado yanaletwa karakana yakiwa na kinga mpya inayong'aa mbele ya injini huku oili ikichuruzika pembeni yake. Hoja yangu ni hii: kinga ya sili huizuia sili isitoke mahali pake, lakini haikigusi kabisa kile kinachoisukuma. Anayeifunga bila kutafuta chanzo cha msukumo huo ameikamilisha nusu ya kazi, tena ile nusu iliyo rahisi.

Sili yenyewe sitaieleza kwa kirefu, kwa kuwa hakuna asiyeijua hapa: ni ile ringi inayozuia oili isivuje pale shafti inapotokea nje ya injini. Chukueni injini ya 2JZ-GTE, ile ya silinda 6 na ujazo wa lita 3 ambayo Toyota iliifunga katika Supra kuanzia mwaka 1993. Sili ya mbele ya krenkshafti, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, imepachikwa katika nyumba ya pampu ya oili, nyuma ya gia inayouendesha mkanda wa taimingi, ule unaolinganisha valvu na pistoni. Hakuna bolti wala klipu inayoishika. Inakaa pale kwa kubanana tu, ukingo wake wa nje ukiwa umekaza kwenye ukuta wa tundu. Kwa gari linalotembea kama lilivyotoka kiwandani, mbano huo hutosha kwa miaka mingi. Mwenye gari akiongeza msukumo wa turbo, ile pampu inayobana hewa na kuisukuma ndani ya injini, na kupandisha nguvu, gesi nyingi zaidi hupenya kando ya ringi za pistoni, huingia katika chumba cha krenkshafti, na shinikizo la humo ndani hupanda. Sili huanza kusogea mbele kidogo kidogo, mara nyingi upande mmoja ukitangulia, mpaka oili inaurukia mkanda wa taimingi. Mkanda uliolowa oili huvimba na kulainika, na meno yake hayaaminiki tena. Msiuoshe. Utupeni, mfunge mwingine.

Sasa tupige hesabu, maana kuna wanaosema kwamba shinikizo la chumba cha krenkshafti ni dogo mno kuweza kusogeza chochote. Chukueni kwa mfano sili yenye kipenyo cha nje cha milimita 60, inayozunguka shafti ya milimita 45. Eneo la pete iliyobaki kati ya vipenyo hivyo viwili ni kama sentimita za mraba 12. Shinikizo la ziada likiwa baa 0.1 tu, sili hiyo husukumwa kwa nguvu ya takriban nyutoni 12, yaani uzito wa kilo moja na robo. Likifika baa 0.3, uzito huo unakaribia kilo 4, nao unasukuma kitu kilichopata joto, kilicholainishwa na oili, na kinachotikiswa maelfu ya mara kwa dakika. Msishangae kwamba hutoka. Shangaeni kwamba huchukua muda wote huo kutoka.

Shinikizo hilo linatoka wapi? Hapa ndipo ninapoomba subira yenu, kwa kuwa hapa ndipo kazi inapoharibikia. Jibu la haraka ni ringi zilizochakaa, na mara nyingine ni kweli. Pimeni uvujaji wa kila silinda kwa hewa mtajua. Lakini mara nyingi injini ni nzima, na kinachoumwa ni njia yake ya kupumua. Injini ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagiwa mafuta, mvuto ulio katika manifoldi ya kuingizia hewa huzivuta gesi kupitia valvu ya PCV, ile inayotoa gesi za chumba cha krenkshafti. Turbo ikianza kusukuma, manifoldi ile ile hugeuka kuwa mahali penye shinikizo, na valvu hiyo inapaswa kujifunga, ili gesi zitoke kwa mpira mwingine unaokwenda kwenye njia ya hewa kabla ya turbo. Valvu ikikwama wazi, hewa iliyobanwa na turbo hushuka moja kwa moja katika chumba cha krenkshafti. Yaani dereva anakanyaga mafuta, na turbo yake mwenyewe inaisukuma sili nje. Valvu hii ni kitu kidogo kinachoenea kiganjani, na kuipima ni kazi ya muda mfupi: ing'oeni, isafisheni, chomekeni mpira safi, kisha pulizeni kutoka upande wa manifoldi. Hewa ikipita bila kizuizi, mmeshampata mhalifu.

Gari moja liliwahi kuletwa kwetu likiwa limekwisha fungwa kinga mahali pengine, na nasema kwa haki kwamba ilikuwa imefungwa vizuri: bamba lilikaa sawa, bolti zilikazwa ipasavyo, na sili ya mbele ilikuwa kavu. Mwenye gari alilalamika kwamba sasa oili inatokea kwingine. Kijiti cha kupimia oili kilikuwa kinajiinua kila akienda kwa kasi, kifuniko cha injini kilikuwa na michirizi ya oili kwa ndani, na sili ya nyuma ilikuwa imeanza kulowesha klachi. Tulipofuata mipira mmoja baada ya mwingine tulikuta kwamba siku gari lilipofungwa kopo la kukusanyia mvuke wa oili, mpira mmoja wa kupumulia ulizibwa kwa kofia, na ule uliobaki uliunganishwa kwa kiungio ambacho tundu lake ni jembamba kuliko kalamu ya risasi. Injini nzima, yenye nguvu iliyoongezwa, ilikuwa inapumua kwa tundu hilo. Ni sawa na kukandamiza kifuniko cha sufuria inayochemka bila kupunguza moto. Kinga ilifanya kazi yake, na kwa sababu hiyo shinikizo likatafuta mlango mwingine. Tuliifungua mipira yote miwili, tukaweka viungio vipana, tukabadilisha sili ya nyuma, na geji tuliyoichomeka kwenye bomba la kijiti cha oili ikaonyesha shinikizo limeshuka karibu na sifuri hata turbo ikisukuma kwa nguvu zote.

Kwa hiyo pimeni kabla ya kufunga chochote. Geji ya shinikizo dogo ikiunganishwa kwenye bomba la kijiti cha oili inatosha. Asiyekuwa nayo, injini ikiwa sailensa tu, anaweza kutumia mpira mrefu unaoonyesha ndani, uliopindwa kama herufi U na kutiwa maji: tofauti ya sentimita 10 kati ya pande mbili ni takriban baa 0.01. Injini yenye valvu nzima ya PCV inapaswa kuyavuta maji kidogo kuelekea upande wake. Ikiyasukuma ikiwa sailensa, fikirini itakavyokuwa barabarani.

Najua kuna atakayeuliza kwamba, kama kinga ina maana, mbona kiwanda hakikuiweka. Kiwanda kilitengeneza gari kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu chake, si kwa nguvu mliyoiongeza ninyi. Isitoshe, viwanda navyo vimekwisha kufanya hivyo: Honda ilitoa kipande cha chuma cha kuishikilia sili ya shafti ya kusawazisha katika baadhi ya injini zake za silinda 4 za miaka ya 1990, kwa sababu sili hiyo ilikuwa inaweza kuchomoka. Kwa hiyo msinielewe vibaya. Siipingi kinga. Injini ya turbo iliyoongezwa nguvu, mkanda wa taimingi ukiwa umefunguliwa tayari, naifungia kinga bila kusita. Ninachokipinga ni kuifunga kama jibu la gari ambalo halijapimwa.

Kuhusu kufunga kwenyewe, anzeni na sili mpya. Kinga juu ya sili ya zamani ni kupoteza kazi. Pitisheni ukucha juu ya shafti mahali mdomo wa sili unapokaa. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya itavuja pia, kinga au bila kinga. Pakeni oili kwenye mdomo wa sili, acheni ukingo wa nje na tundu lake vikiwa safi na vikavu, na ipigeni ikae sawa pande zote.

Kisha bolti, na hapa nawasihi. Kinga nyingi hushikwa na bolti zile zile za pampu ya oili. Bolti ya M6 ya kawaida husogea milimita moja kwa kila mzunguko, kwa hiyo bamba la milimita 3 linakuibia mizunguko mitatu ya meno ukitumia bolti ya zamani, na meno ya alumini hayana akiba ya kugawa. Ukiweka ndefu kupita kiasi katika tundu lisilotokea upande wa pili, inagota mwisho, spana ya toki, ile inayopima mkazo, inakuambia imekaza, kumbe bamba linacheza. Ingizeni kila bolti kwa mkono kwanza, pimeni kina cha tundu, ndipo mchague urefu. Mkazo wa bolti kama hizi huwa karibu na nyutoni mita 10. Kitabu cha injini ndicho kinachoamua.

Bamba linapaswa kuushika ukingo wa nje wa sili tu. Lisiguse mdomo, lisiguse gia. Rudisheni gia, pimeni nafasi kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya, kuzunguka pande zote, kisha zungusheni krenkshafti kwa mkono mizunguko miwili kamili, alama za taimingi zirudi mahali pake. Mkisikia mkwaruzo wowote, fungueni. Bolti ya puli ya 2JZ hukazwa kwa zaidi ya nyutoni mita 300, na hakuna anayependa kuifungua mara ya pili, lakini ni afadhali kuliko kuruhusu chuma kisage chuma mbele ya mkanda.

Naona muda umenikimbia. Kuhusu kuchagua kati ya alumini na chuma cha pua sitasema, kwa kuwa unyoofu wa bamba ni muhimu kuliko madini yake. Sili ya nyuma nayo ilistahili mhadhara wake. Kwa leo itoshe kujua kwamba inasukumwa na shinikizo lile lile, na kwamba klachi ikianza kuteleza baada ya kinga kufungwa mbele, geji irudishwe kwenye bomba la kijiti cha oili kabla giaboksi haijashushwa. Gari likishatembea kwa nguvu mara ya kwanza, fungueni kifuniko cha mkanda mkiwa na tochi, mwangalie chini ya gia. Maswali sasa, na naomba anayeuliza atuambie kwanza geji yake ilisoma ngapi.