Besi kwanza: maneno kwa bendi zinazojiandaa na tamasha la kanda

Bwana asifiwe. Shikamooni wazee wangu mliokaa huko nyuma, vijana hamjambo. Kabla sijaanza naomba wale walioweka matarumbeta pale dirishani kwenye jua wayatoe wayalete huku ndani kivulini. Ndiyo, sasa hivi, nasubiri. Na lile besi, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, pale mlangoni pia. Asanteni.

Mada niliyopewa ni ndefu, maandalizi ya bendi kwa ajili ya tamasha la kanda, na humo ndani wameandika mavazi, muda jukwaani, uchaguzi wa nyimbo, nidhamu ya safari, kusoma noti papo kwa papo, ngoma. Nitavigusa nikijaliwa muda. Lakini walionisikia miaka ya nyuma wanajua naanzia wapi, naanzia kwenye kutyuni, yaani kuziweka sauti za vyombo vyote sawa, na nitaendelea kuanzia hapo mpaka siku nitakayokaa kwenye kiti tamashani nikasikia bendi sita mfululizo zimekaa kwenye sauti moja. Bado sijaiona hiyo siku.

Niwasimulie mwaka ule wa bendi yangu mwenyewe, maana sitaki kusema ya watu. Tulifanya mazoezi miezi minne. Wimbo wa lazima vijana walikuwa wanaupiga bila karatasi, wa kuchagua wenyewe ulikuwa mtamu mpaka akina mama waliokuwa wanapita kwenda sokoni walisimama nje ya uzio wasikilize. Tukapanda Coaster saa kumi usiku kutoka mlimani, ni Julai, baridi ile mnaijua, sweta juu ya sweta. Tumefika mjini kabla ya saa moja, vyombo vimelala juu ya keria usiku kucha, chuma kama kimetoka mtoni. Nikawapanga, nikatoa simu yenye programu ya kutyuni, kila mtu akapiga, wote wako chini, nikasema ingizeni slaidi, lile bomba unalolivuta kushusha sauti na kuliingiza kuipandisha, wakaingiza mpaka mwisho, sindano ikakaa katikati. Nikafurahi kabisa. Nikawaambia wekeni vyombo hapo kwenye majani mkanywe chai.

Ratiba ilisema saa tatu. Mnajua ratiba zetu. Tukaitwa saa saba na robo.

Muda wote huo vyombo vilikuwa pale kwenye majani, juani. Nikamwambia kijana mmoja hebu piga, nikaona sindano imeruka juu kabisa. Nikashtuka, watu wanatuita, mtangazaji anataja jina letu mara ya pili, nikawaambia vijana maneno ambayo mpaka leo yananiuma: "Wote vuteni slaidi, kidole kimoja, twende." Wote. Kidole kimoja. Tukapanda.

Ile kodi ya kwanza, yaani noti za sauti nne zinazolia pamoja, ilipasuka kama sahani. Besi wako juu, matarumbeta wamezama chini, watu wa tenori katikati hawajui wamfuate nani. Vijana wakaanza kutazamana, na mpiga tarumbeta akianza kumtazama mwenzake badala ya kondakta ujue imeisha. Mwamuzi aliandika sentensi moja tu, sauti hazijakaa pamoja. Njiani kurudi vijana wanalia wanasema tumeonewa. Hatukuonewa. Niliharibu mimi, na niliharibu kwa sababu nilikuwa sijui hesabu ndogo ambayo leo kila mtu humu ndani ataondoka nayo.

Sikilizeni vizuri. Sauti inasafiri kwenye hewa, na hewa ikiwa ya moto inasafiri haraka zaidi. Kwenye nyuzi sifuri ni kama mita 331 kwa sekunde, kwenye nyuzi 20 ni 343. Hewa iliyo ndani ya tarumbeta ikipata moto, noti inapanda, na tukigawa nusu toni moja, ile hatua ndogo kabisa toka noti moja kwenda ya jirani, vipande 100, yaani senti, basi kila nyuzi moja ya joto inapandisha kama senti tatu hivi. Toka baridi ya asubuhi ya nyuzi 14 mpaka juani nyuzi 29 ni tofauti ya nyuzi 15, zidisha mwenyewe, inakaribia nusu ya nusu toni. Kweli ukishaanza kupiga pumzi yako inasawazisha mambo kidogo, lakini sisi tulipanda jukwaani bila kupuliza hata dakika mbili.

Sasa hapo ndipo penye kosa langu. Joto linawapandisha wote kwa kiasi kilekile, tarumbeta na besi wanapanda sawa. Lakini slaidi haiwashushi sawa! Tarumbeta la B-flat, yaani lile ambalo noti yake ya msingi ni B-flat, ukilinyoosha bomba lake lote halifiki mita moja na nusu. Tuba la B-flat, ndilo besi letu, ukilinyoosha ni zaidi ya mita tano. Kushusha senti kumi kwenye tarumbeta unavuta slaidi kama milimita nne tu, maana slaidi ina miguu miwili, ukivuta nne umeongeza nane. Kushusha senti hizohizo kumi kwenye tuba unavuta milimita 16. Mara nne! Mimi nikawaambia wote kidole kimoja. Matarumbeta yakashuka zaidi ya theluthi ya nusu toni, besi hata senti kumi hawakufika. Yaani niliwachukua watu waliokuwa pamoja, wamepanda lakini wako pamoja, nikawatenganisha kwa mkono wangu mlangoni mwa jukwaa.

Najua kuna mtu anasema moyoni, mwalimu huyu naye anatia chumvi, mbona matarumbeta ya harusi kule mjini wako juu ya pikapu, jua la saa nane, na watu wanacheza mpaka viatu vinatoka? Haya, nakujibu. Kwanza wale wazuri wanatyuni, waulize, kuna wazee wa matarumbeta ya harusi wana masikio kuliko sisi wote humu. Pili pale kuna honi za magari, vigelegele na ngoma kubwa, na wimbo unakwenda mbio. Tamashani kuna watu watatu wamekaa kimya na kalamu, na wewe unapiga tenzi ya taratibu ambayo kila kodi inakaa sekunde nne. Sekunde nne ni nyingi mno kwa kodi iliyopasuka.

Mwingine anasema, lakini mwalimu, vitu hivi ni vya wazungu, sisi tupige kwa roho tu. Hili nalisikia kila mwaka na linanikera. Babu zetu wa pwani walikuwa na beni, ngoma ya kucheza na bendi, tangu mwishoni mwa karne ya 19, Lamu na Mombasa huko, halafu Tanga na Dar es Salaam wakawa na vikundi vya Marini na Arinoti, wanashindana mtaa kwa mtaa, sare zao, vyeo vyao, na mashindano yenyewe yalikuwa makali kuliko haya yetu ya vyeti. Neno lenyewe beni ni bendi hiyohiyo. Zaidi ya miaka mia moja watu wetu wanapuliza shaba, sasa ni ya nani kama si yetu? Na chombo kikiwa chako unakitunza na unakijua. Kupiga kwa roho hakukuzuii kusikiliza jirani yako.

Basi fanyeni hivi. Vyombo kivulini, siku zote, hata kama kivuli ni cha basi. Dakika kumi kabla ya kuitwa kila mtu apulize pumzi ya moto taratibu ndani ya chombo bila kupiga, besi waanze mapema zaidi maana lile bomba refu linachelewa kupata moto. Halafu anza na besi. Si tarumbeta ya kwanza kwa sababu ndiye hodari, hapana, besi kwanza. Besi akishakaa, tenori akae juu yake, alto, mwisho tarumbeta. Na simu weka mfukoni. Simu itumike kwa mtu mmoja tu, yule besi wa kwanza, apate B-flat ya kawaida, ile ya dunia nzima ambayo noti yake ya A ni mitetemo 440 kwa sekunde kama walivyokubaliana London 1939. Wengine wote watumie masikio, vinginevyo mtakuwa watu ishirini mnaangalia vioo ishirini na hakuna anayemsikia mwenzake.

Unasikia nini? Unasikia wimbi. Watu wawili wakipiga noti moja ambayo haijakaa, unasikia wa-wa-wa-wa. Mmoja yuko 440 mwingine 443, utasikia wa tatu kila sekunde. Ukivuta slaidi na wimbi likaanza kwenda polepole, waaa, waaaa, uko njia sahihi, endelea. Likienda haraka zaidi, rudi. Likinyamaza, umefika, na hapo utasikia sauti zenu mbili zimekuwa kama moja. Mtoto wa miaka 11 anaweza kulisikia wimbi hili. Nimewafundisha wa miaka 11.

Kuna bendi zimeletewa vyombo vya zamani vya msaada kutoka Uingereza. Angalieni sana. Bendi za shaba za kule mpaka miaka ya 1960 zilikuwa na sauti yao ya juu, A yake 452 na zaidi, karibu nusu ya nusu toni juu ya hii yetu. Chombo kama hicho utavuta slaidi mpaka itoke mkononi na bado kiko juu. Nimemwona kijana anagombezwa mwaka mzima kwamba hana sikio, kumbe sikio analo, chombo ndicho kilitengenezwa kwa dunia nyingine. Kikaguliwe kabla hujamgombeza mtoto.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Dakika kumi? Tano. Haya.

Kusoma noti. Sisi wa kanisani tunasoma kama kitabu cha nyimbo kilivyo, noti inavyolia ndivyo ilivyoandikwa, huo ni urithi wa Wajerumani, mchungaji Johannes Kuhlo na baba yake ndio waliousambaza kule kwao ili matarumbeta yasome moja kwa moja kwenye kitabu, na wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Kilimanjaro 1893. Wenzetu wa bendi za shule na za majeshi wanasoma kwa namna nyingine, tarumbeta la wazi sisi tunaita B-flat, wao wanaita C. Ule wimbo wa pamoja wa mwisho ukigawiwa karatasi zao na wewe ukasoma kikanisa, unapiga toni nzima juu ya uwanja mzima. Uliza mapema karatasi ni za aina gani. Hili lingetosha siku nzima lakini basi.

Ngoma: punguzeni. Mavazi: safi yanatosha, hela ya suti mpya nunueni mafuta ya valvu, na tafadhali msiweke mafuta ya kupikia, yanaganda na vumbi yanakuwa gundi. Uchaguzi wa nyimbo nitaruka. Nidhamu ya safari mchungaji ataongea.

Hapana, hiyo dakika moja iliyobaki naitumia. Nani ana besi? Wewe kijana, njoo mbele nalo. Wangapi humu wamevuta slaidi ya besi lao mwezi huu? Mikono. Watatu, kati ya bendi tisa. Haya, vuta yako tuone.

Imegoma. Hapana usione aibu baba, karibu zote humu zimegoma. Usivute kwa nguvu, na wewe mwalimu wake rudisha hiyo nyundo kwenye begi, nimeiona. Mama naomba maji ya moto ya chai kidogo kwenye kikombe na kile kitambaa. Mwaga juu ya bomba la nje tu, taratibu, hapo kwenye maungio, subiri. Sasa shika pande zote mbili, vuta sawa, usipindishe.

Inakuja. Ona uchafu huo. Futa, paka vaselini kidogo, irudishe, ivute tena. Sawasawa. Piga B-flat, ndefu, na ninyi matarumbeta mliotoka dirishani msipige bado, msikilizeni kwanza.