Jinsi ya Kutengeneza Mpira wa Soksi na Kucheza Rede kama Zamani

Karibuni, watazamaji wapendwa. Katika video hii nitawaonyesha namna ya kutengeneza mpira wa soksi, kisha namna ya kucheza rede, mchezo ambao wasichana wengi waliosoma shule za msingi za Tanzania miaka ya 1980 na 1990 waliucheza wakati wa mapumziko na kuurudia jioni mtaani mpaka walipoitwa kwenda kuoga. Watazamaji wa Kenya mtautambua upesi, kwa kuwa ni ndugu wa karibu wa mchezo wenu uitwao kati. Nitaeleza kila jambo kwa utaratibu, kwa sababu nimewaona watu wazima wengi wanaolikumbuka vizuri jina la mchezo huu na furaha yake, lakini wakisimama mbele ya watoto wao kuufundisha, kanuni zinakuwa zimekwisha kuwatoka.

Tuanze na mpira. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, hata sabuni na sukari zilikuwa adimu madukani, sembuse mpira wa kuchezea, kwa hiyo watoto walijitengenezea wa kwao kwa kile kilichopatikana. Penye migomba walikunja majani makavu na kuyafunga kwa kamba za mgomba. Mijini walitumia matambara, na baadaye mifuko ya rambo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, nasi leo tutatumia soksi na vitambaa, ambavyo kwa rede naviona bora zaidi kwa kuwa havimuumizi anayepigwa.

Chukueni soksi moja kuukuu iliyo ndefu, matambara laini ya pamba, sindano na uzi imara. Viringisheni matambara kwa nguvu mpaka mpate donge linalokaribia ukubwa wa chungwa, kisha lisukumeni hadi kwenye vidole vya soksi. Hapa ndipo penye ufundi, kwa hiyo tazameni mikono yangu kwa makini: ninalikaba donge kwa mkono wa kushoto, ninaisokota shingo ya soksi mara mbili kwa mkono wa kulia, halafu ninaigeuza sehemu iliyobaki ili ilifunike donge upya. Nasokota tena, nageuza tena, mpaka soksi iishe. Kila mgeuko unaongeza tabaka na kuubana mpira, na mkilegeza mkono hata mara moja tu, mpira utakuwa na tumbo upande mmoja na hautakwenda mnakoulenga. Shoneni mdomo wa soksi kwa mishono ya karibu karibu. Msiweke jiwe wala kitu chochote kigumu katikati kwa nia ya kuuongezea uzito. Mpira ukiwa mwepesi mno, ongezeni tambara.

Sasa twende uwanjani. Tafuteni mahali tambarare pasipo vigae wala mawe, mbali na barabara. Choreni kwa kijiti mistari miwili inayotazamana, umbali wa hatua kumi hivi. Katikati lundikeni mchanga mkavu, na kando yake wekeni chupa tupu. Zamani mara nyingi ilikuwa chupa ya soda, ya kioo, lakini mimi nawaomba mtumie chupa ya maji ya plastiki, kwa sababu mchezaji huinama juu yake akiwa na haraka na anaweza kuiangukia. Mchanga ukiwa na unyevu utaziba mdomo wa chupa, kwa hiyo uanikeni kwanza juani.

Gawaneni katika timu mbili. Njia ninayoipenda ni ya wachezaji kwenda pembeni wawili wawili, wanaolingana uwezo, kila mmoja akajipa jina la siri, labda embe na nanasi, kisha wakarudi na viongozi wakachagua majina bila kujua ni ya nani. Kwa njia hii hakuna mtoto anayebaki amesimama peke yake akisubiri kuchukuliwa wa mwisho.

Timu moja inaingia katikati. Timu ya pili inatoa warushaji wawili, kila mmoja nyuma ya mstari wake. Warushaji wanarushiana mpira wakilenga kumpiga aliye katikati, naye anaukwepa, na kila anapopata nafasi anaujaza mchanga kwenye chupa. Aliyeguswa na mpira anatoka nje. Chupa ikijaa mpaka mdomoni, mchezaji anaisawazisha kwa kiganja, anaimwaga, na timu yake inapata alama moja. Kisha anaanza kuijaza upya. Wote wa katikati wakitoka, timu zinabadilishana.

Kujaza chupa kunahitaji mkono uliozoea. Tazameni: sichoti mchanga na kuumwaga kutoka juu, kwa kuwa mwingi utapotea. Ninauteka kwenye ngumi, ninaikalisha ngumi juu ya mdomo wa chupa, halafu ninakilegeza kidole kidogo ili mchanga ushuke kama kwenye faneli. Macho yangu yote mawili yako kwa mrushaji mwenye mpira, wala hayako kwenye chupa. Mpira ukija chini, ruka. Ukija kifuani, geuza mwili ubavu uwe mwembamba. Warushaji nao wasikimbilie kupiga. Mrushaji mzuri humpasia mwenzake mara tatu au nne kwa haraka, mpaka aliye katikati achelewe kugeuka, ndipo anapopiga.

Kabla ya mpira wa kwanza kurushwa, kubalianeni kwa sauti kuhusu mambo yanayoleta ugomvi. Je, mpira ukigusa upindo wa gauni au khanga bila kugusa mwili, mchezaji ametoka? Ukidunda chini kwanza, unahesabiwa? Anayeudaka mpira anapewa nini? Na kichwani kunaruhusiwa? Mimi nakataa kabisa kichwani. Mambo mengine yaamueni wenyewe, na waacheni watoto wabishane kidogo kabla hamjaingilia, kwa sababu mabishano hayo ya «umeguswa», «sijaguswa» yalikuwa sehemu kubwa ya mchezo wenyewe, na mara nyingi aliyeyamaliza alikuwa mtoto mkubwa kidogo tu, wala si mwalimu wala mzazi.

Kanuni hizi ni za namna moja tu ya kucheza, na hata mtaa kwa mtaa zilitofautiana. Kwa hiyo mkimaliza, mkaribisheni mama, shangazi au bibi aingie katikati aonyeshe alivyocheza yeye, na mumrekodi kwa simu. Msimsahihishe anaposema tofauti na nilivyosema mimi. Mwulizeni alicheza mji gani, miaka gani, chupa ilikuwa ya namna gani, na walitamka maneno gani chupa ilipojaa, kisha andikeni majibu yake na kuyahifadhi pamoja na video hiyo.